Tezo ya Wamunyu

Mchongaji wa Wamunyu hufanya kazi akiwa amekaa chini. Gogo liko mbele yake, nyayo zake mbili zimelibana kama jiliwa, na mkono wa kulia umeshika tezo. Hana meza ya useremala wala mchoro wa karatasi. Ana alama chache za mkaa alizozipiga juu ya mti, na ana twiga ambaye ameshamchonga mara nyingi kiasi kwamba vipimo vyake vimehamia mkononi: urefu wa shingo ukilinganishwa na kiwiliwili, mteremko wa mgongo, mahali goti linapoanzia.

Tezo yenyewe ni chombo cha kawaida sana ukiikuta imelala. Ina mpini mfupi wa mti na bapa la chuma lililopachikwa kukingama mpini huo, makali yakimtazama mwenye kuishika. Mara nyingi chuma hicho kimefuliwa na mhunzi wa jirani kutokana na kipande cha springi ya gari. Shoka hupasua likienda mbele. Tezo huja kwa mwenyewe, na kila pigo huishia karibu na vidole vya miguu vilivyoshika gogo. Anayetazama kwa mara ya kwanza humwogopea mchongaji. Akikaa kidogo, hofu humwondoka. Pigo linashuka, linaondoa kibanzi, linapanda tena, na kibanzi kinachofuata kina unene uleule wa kile kilichotangulia.

Mapigo ya mwanzo ni mazito na vibanzi vyake ni vipana kama kiganja. Hapo mchongaji anaondoa kila kisichokuwa mnyama. Kwa kitambo kirefu huoni twiga hata kidogo. Unaona gogo lenye pembe nyingi zaidi kuliko lilivyokuwa. Kisha inatokea shingo, na baada ya shingo mambo yanakwenda haraka, maana jicho lako sasa limejua linatafuta nini. La mchongaji lilijua tangu mwanzo. Kadiri umbo linavyokaribia, ndivyo mkono unavyosogea chini kwenye mpini, mapigo yanakuwa mafupi, na sauti inabadilika kutoka mshindo wa kukata hadi mkwaruzo wa kuparuza. Fundi mzuri ana tezo zaidi ya moja, kubwa ya kufungulia gogo na ndogo za kukaribia ngozi ya mnyama, na huzibadilisha bila kuziangalia.

Kila mti una nyuzi zake, na hapo ndipo ufundi unapotengana na ubabaishaji. Nyuzi za gogo hukimbia kwa urefu. Miguu ya twiga na shingo yake nayo hukimbia kwa urefu, na ndiyo sababu mnyama huyu, ambaye kwa macho ya mgeni ni dhaifu kuliko wote, kwa kweli anaupendeza mti: kila mguu ni fungu la nyuzi zisizokatwa kutoka tumboni hadi kwatoni. Mpe mchongaji yuleyule kazi ya twiga anayeinamisha kichwa kunywa maji, utamwona anakaa na gogo muda mrefu kabla ya kupiga pigo lolote. Shingo iliyopinda inakata nyuzi, na penye nyuzi zilizokatwa ndipo patakapovunjika, pengine baada ya miaka, juu ya kabati la mtu huko ng'ambo. Masikio yana shida hiyohiyo kwa udogo wake, kwa kuwa yanatoka ubavuni. Wengi huyachonga mafupi na manene. Aliyebobea huyachonga membamba, akitafuta kwanza gogo ambalo nyuzi zake zina mkunjo mahali kichwa kitakapokaa. Yaani ameanza kuchonga masikio siku aliponunua mti.

Nafasi iliyo kati ya miguu minne haifunguliwi mapema. Mwili wote unakaribia kumalizika miguu ingali imeshikana kama kigingi, kwa sababu mnyama aliyesimama kwa miguu myembamba hawezi kustahimili mapigo ya tezo mgongoni. Mwishoni, kwa patasi na kisu, fundi huingia katikati polepole, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Kosa likitokea hapa limeharibu kazi yote ya nyuma yake. Nimependa kutazama hatua hii kuliko zote. Watu walioketi kivulini wakiongea siasa na bei ya mahindi hupunguza maneno wenyewe bila kuambiwa, na yule mwenye kisu hasemi kitu.

Baada ya kisu huja tupa, na baada ya tupa huja msasa, mkali kwanza, laini baadaye. Msasa ni kazi ya saa nyingi isiyosifiwa na mtu. Mara nyingi hufanywa na wanawake na vijana, na malipo yake ni madogo, ingawa ndiyo inayomfanya mnunuzi anyooshe mkono kukishika kinyago. Kisha ni nta au rangi ya viatu, kitambaa, na kusugua. Madoa ya twiga huchomwa kwa chuma cha moto au hupakwa rangi.

Adui wa kazi hii yote ni maji yaliyomo ndani ya mti. Mti mbichi huchongeka vizuri. Mti mkavu hula makali ya chuma na kuchosha bega. Kwa hiyo mchongaji huchonga ungali mbichi, na mti huendelea kukauka ukiwa tayari umeshakuwa mnyama. Nje hukauka kabla ya ndani, nje hunywea, ndani hukataa, na ufa hutokea. Mafundi wana mbinu zao: kukifunika kinyago kwa vibanzi, kukiweka mahali pasipopita upepo, kupaka nta kwenye ncha ambako nyuzi zimeachwa wazi, kuziba nyufa ndogo kwa gundi na unga wa mti huohuo. Hizi mbinu zinafaa hapa Ukambani, nchi ya Wakamba. Hazitoshi kinyago kinapofikishwa kwenye nyumba ya Ulaya wakati wa baridi, yenye moto wa kuipasha joto mchana na usiku. Huko mti hukauka zaidi kwa wiki chache kuliko ulivyokauka kwetu kwa mwaka, na mnunuzi aliyekuwa na nia ya kuagiza kasha zima la vinyago hapigi simu tena. Nitarudi kwenye jambo hili, maana lina dawa.

Wamunyu iko katika Kaunti ya Machakos, kwenye barabara inayotoka mjini Machakos kupitia Masii kwenda Kitui. Ni nchi kavu. Mvua ni za misimu miwili, na wakulima huitegemea zaidi ile ya Novemba na Desemba. Ikikosekana, mwaka umeharibika. Hakuna bandari, hakuna mgodi wa dhahabu, hakuna mbuga ya wanyama ya kumvuta mtalii alale hapo. Ukiwapa wapangaji wa uchumi ramani ya Kenya na kuwaambia waoneshe mahali patakapozaliwa biashara ya kuuza sanaa ulimwenguni, hakuna ambaye angeweka kidole hapo.

Ilizaliwa hapo kwa sababu ya mtu mmoja aliyerudi kutoka vitani. Mutisya Munge alikuwa fundi tayari kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wakamba walikuwa na ufundi wao wa mti, na hasa vile vigoda vya miguu mitatu vilivyopambwa kwa nyuzi nyembamba za shaba zilizogongelewa ndani ya kikalio, kazi ambayo mpaka leo hujaza kabati za makumbusho. Vita vikampeleka Tanganyika, kama vilivyopeleka wanaume wengi wa Ukambani, wengi wao wakiwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, na maelfu kwa maelfu wa wapagazi hao hawakurudi. Yeye alirudi, na alirudi na kitu alichojifunza kwa wachongaji wa huko. Mwanauchumi Walter Elkan, aliyeandika juu ya biashara hii mwaka 1958, anawataja Wazaramo. Masimulizi mengine yanawataja Wamakonde. Kwa vyovyote vile, deni letu ni kwa majirani wa kusini, na si deni la kuonea haya. Fundi mmoja aliona kazi ya fundi mwingine wa kabila jingine, katikati ya vita visivyowahusu wote wawili, akaielewa kwa mkono na kurudi nayo kwao.

Kutoka kwa Mutisya ufundi ulipita kwa wanawe, ukafika kwa jamaa, ukavuka kwa majirani. Hapakuwa na chuo, karo wala cheti. Kijana aliketi kando ya mjomba wake, akapewa msasa, halafu kisu, halafu tezo ndogo, na mwisho gogo lake mwenyewe. Mwanagenzi alilipa kwa kazi aliyomsaidia mwalimu wake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mipango mingi ya maendeleo huanza na jengo. Wamunyu ilianza na kivuli cha mti na mtu aliyekubali kufuatwa macho na vijana.

Na Wakamba walikuwa na kitu kingine ambacho mchongaji peke yake hana: walijua njia. Katika karne ya 19 misafara yao ya pembe za ndovu ilikwenda na kurudi Mombasa, na Kivoi wa Kitui, ambaye mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1849, alikuwa mfanyabiashara mkubwa mwenye jina hadi pwani. Vinyago vilipozaliwa, vilikuta watu wasioogopa kubeba mzigo na kuuza mbali. Wachuuzi wa Kikamba walivipeleka Nairobi na Mombasa, mbele ya hoteli na kwenye gati za meli, wakavuka mipaka. Vita vya Pili vikaleta askari wengi wa kigeni waliotaka kitu cha kuwapelekea watu wa kwao. Kufikia miaka ya 1950 vinyago vilikuwa vikipelekwa Ulaya na Marekani kwa makasha. Kilichomvutia Elkan ni kwamba biashara hii ilikuwa imejengwa na Waafrika wenyewe, kuanzia gogo hadi soko.

Tukumbuke hiyo ilikuwa nchi gani wakati huo. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliandika juu ya Machakos kama ardhi iliyokwisha kufa, iliyochimbwa na makorongo, isiyoweza kuwalisha watu wake. Dawa yao ilikuwa kuwapunguzia watu ng'ombe kwa nguvu, na mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwenda Nairobi kudai mifugo yao. Miongo mitano baadaye watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walikwenda kuangalia kilichotokea, na mwaka 1994 wakachapisha walichokikuta. Idadi ya watu ilikuwa imepanda kutoka watu 240,000 hivi katika miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1990, na badala ya ardhi kuharibika zaidi, milima ilikuwa imekatwa matuta, miti imepandwa, na mavuno kwa kila mtu yameongezeka. Moja ya sababu walizozitaja ni fedha zilizotoka nje ya shamba. Mtu alifanya kazi nyingine, akapata shilingi, akairudisha kwenye udongo.

Uchongaji ulikuwa mojawapo ya kazi hizo za nje ya shamba, na kwa tabia yake ulikaa vizuri na kilimo. Mvua ikinyesha, tezo huwekwa chini na jembe kushikwa. Mavuno yakiisha, au yakikosekana, mti unasubiri. Mwaka wa njaa mchongaji huchonga zaidi. Kazi pia inagawanyika: kuna anayetafuta magogo, anayeyapasua kwa msumeno, anayefungua umbo kwa tezo kubwa, anayemalizia kwa kisu, wanaopiga msasa, anayepaka rangi, anayefunga makasha, anayesafiri. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote akichonga vifaru tu, na mwenzake wa jirani vijiko vya saladi tu. Wako wanaoudharau mgawanyo huu na kuuita kiwanda. Mimi naona humo mlango mpana. Mtoto asiye na kipaji cha kuona twiga ndani ya gogo anaweza bado kula kwa mti, na mjane mwenye watoto wadogo anaweza kufanya kazi nyumbani kwake. Karo nyingi za shule za sehemu hizo, na mabati mengi ya nyumba zake, zilitoka humo.

Wengi walihama na ufundi wao. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba waliokuwa Mombasa walianzisha chama cha ushirika huko Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz, na chama hicho kiliwahi kuwa na wanachama wanaokaribia 3,000. Ukitembea kwenye mabanda yake unasikia Kikamba kilekile cha Wamunyu, na tezo zikipiga kwa pamoja. Wamunyu nayo ina ushirika wake, wenye duka kando ya barabara. Makadirio ya miaka ya 1990 yaliwahesabu wachongaji wa Kenya nzima kuwa takriban 60,000, na mauzo ya vinyago nje ya nchi kuwa karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Mkono mmoja uliorudi kutoka Tanganyika ulikuwa umefika huko.

Sasa mti. Mpingo ndio kila mtu anaoutaja, na una haki ya kutajwa. Kiini chake ni cheusi chenye uzambarau kwa mbali, tabaka lake la nje ni la rangi ya siagi, na mafundi wenye jicho huacha ukingo wa siagi hiyo ili weusi uonekane zaidi. Ni mzito hata huzama majini. Hula makali, anayeuchonga hunoa mara nyingi kuliko anavyokata. Lakini mti uliobeba Ukambani kwa miongo ni muhugu, wa rangi ya asali iliyoiva, wenye nyuzi zilizosongana na harufu tamu inayobaki ndani ya kinyago kwa miaka. Muhugu unakubali kisu kwa namna ambayo miti michache inakubali: unakatika bila kuchanika, hata pale pembe nyembamba inapotakiwa. Mafundi wazee wanausema kwa mapenzi. Mutamaiyu, yaani mzeituni mwitu, wenye michirizi ya giza, ndio uliofaa bakuli na vijiko.

Muhugu ulitoka kwenye misitu iliyo karibu na Nairobi na ile ya pwani, Arabuko-Sokoke ikiwemo. Hukua polepole mno. Mti wa kutosha kinyago kikubwa unaweza kuwa na umri wa miaka 100. Wachongaji maelfu wakiuhitaji kila siku, hesabu haiwezi kutimia. Magogo yakaanza kutoka mbali zaidi na zaidi, yakawa membamba, yakawa ghali, na mengine yakaanza kupita usiku. Mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya mpingo ikawekwa chini ya masharti ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Februari 2018 serikali ya Kenya ikasitisha ukataji miti katika misitu ya umma. Mtu anayetaka kumlaumu mchongaji kwa hayo yote akumbuke kwamba msitu huohuo ulikatwa pia kwa mkaa, nguzo na sakafu za mbao za nyumba za wenye nafasi. Hata hivyo mchongaji alikuwa mmojawapo, na ndiye aliyekuwa na la kupoteza zaidi.

Hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu mafundi hawa upya. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa mimea walioungwa mkono na WWF, UNESCO na Bustani za Kew waliwashawishi wabadilishe mti: waache muhugu, wachonge mwarobaini, mwembe uliozeeka usiozaa, jakaranda, mgrivilia. Kwa msomaji asiye fundi hilo ni badiliko dogo, mti kwa mti. Kwa fundi ni kuanza upya ukiwa na mvi. Mkono uliojifunza muhugu kwa miaka 30 umejua ni nguvu kiasi gani ya kupeleka kwenye kila pigo. Jakaranda, ulio laini na mweupe, hupokea pigo lilelile na kuzama kupita kiasi. Mwarobaini una nyuzi zinazopishana, zinazokubali kisu upande huu na kuchanika upande wa pili wa mgongo uleule. Mwembe huvutia wadudu ukiachwa bila kushughulikiwa. Na yote hupasuka ikikaushwa vibaya.

Walijifunza. Waligundua kwamba mwarobaini ukipigwa msasa vizuri hutoa wekundu mzuri, kwamba jakaranda hupokea rangi kuliko mti wowote, na wanyama wenye madoa na milia wakaanza kuchongwa kwa huo. Wakulima wa pwani waliokuwa wakiuona mwarobaini kama dawa na kivuli waliona una bei. Hapo uchumi wa mahali unaonekana waziwazi: mchongaji anayenunua mti uliopandwa shambani anamlipa mkulima, na mkulima aliyelipwa anapanda mwingine. Mti wa msituni haumlipi mtu aliyeupanda, kwa maana hakuna aliyeupanda.

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2021 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Uchumi wa Ubunifu kwa Maendeleo Endelevu. Mikutano ikafanyika, na mazungumzo mengi yakawa juu ya filamu, muziki, mitindo ya mavazi na programu za simu, yaani kazi za mijini na watu wa mijini. Sina neno baya juu ya kazi hizo. Ninachosema ni kwamba Wamunyu ilikuwa na uchumi wa ubunifu kabla ya jina hilo kutungwa, na ilikuwa nao bila umeme. Mwaka huohuo wa maadhimisho wachongaji walikuwa wakitoka kwenye pigo baya kuliko yote. Walikuwa wameshaona watalii wakipungua baada ya ghasia za Likoni mwaka 1997, baada ya mlipuko wa Nairobi mwaka 1998, baada ya shambulio la Kikambala mwaka 2002, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, baada ya shambulio la Westgate mwaka 2013. Kila mara walisubiri, na kila mara watu walirudi. Machi 2020 ndege zilisimama kabisa. Waliokuwa na shamba walirudi shambani. Baadhi ya vijana hawakurejea tena kwenye tezo, wakapanda bodaboda, na sidhani kama kuna mwenye haki ya kuwalaumu. Bodaboda hulipa leo. Kinyago hulipa kikinunuliwa.

Kuhusu bei nitasema kwa ufupi, kwa sababu kila mtu anajua na hakuna anayefanya kitu. Kati ya mchongaji na kabati la mnunuzi kuna dalali, mwenye duka, msafirishaji, muuzaji wa jumla na muuzaji wa rejareja, na anayepata kidogo kuliko wote ni yule mwenye vibanzi miguuni. Dalali huja siku ya karo, anajua ni siku ya karo, na hununua kwa bei ya siku ya karo. Ushirika unaofanya kazi vizuri huivunja nguvu hiyo kwa kumlipa mwanachama sehemu ya fedha anapoleta kinyago, kabla hakijauzwa. Ushirika ulioliwa na viongozi wake ni mbaya kuliko dalali, kwani humvunja mtu moyo.

Nilisema nyufa zina dawa. Dawa ni tanuri la kukaushia mbao, linalotumiwa kwa pamoja na ushirika mzima, linaloendeshwa na mtu aliyefundishwa, likitumia vibanzi vya wachongaji wenyewe kama kuni. Kinyago kilichokaushwa humo hufika kwenye baridi ya Ulaya kikiwa kizima. Si mtambo wa ajabu na si wa gharama ya barabara. Pamoja nalo zinatakiwa ekari za mwarobaini na mgrivilia zilizopandwa makusudi kwa ajili ya kuchonga, zikikatwa kwa zamu, ndani ya Machakos na Makueni na Kitui, ili gogo lisitoke tena kilomita mia tatu. Na inatakiwa posho ndogo ya mwanagenzi, impatie fundi mwenye mvi sababu ya kumweka kijana kando yake kwa miaka miwili au mitatu, na kijana sababu ya kukaa. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Maarifa haya hayatalindwa na karatasi ikiwa hakuna mkono unaoyapokea.

Serikali ya Kaunti ya Machakos ina fedha za vijana, za kilimo na za biashara ndogo, na haina sababu ya kulisubiri shirika la kigeni liyafanye hayo matatu. Nawe msomaji, ukisafiri kwenda Kitui, simama Wamunyu. Uliza kinyago kimechongwa kwa mti gani na nani amekichonga. Kigeuze, uangalie kati ya miguu, mahali ambapo kisu kiliingia mwisho, utajua kama umempata fundi. Kisha ulipe bei aliyoitaja.